Picha za Kumtumia Mama Mkwe

Mama Hortense alivunjika mguu akiosha mihogo. Aliteleza juu ya jiwe kando ya ziwa, kule Kapolowe Mission, jiwe lile lile alilokuwa akisimama juu yake tangu alipoolewa. Binti yake Viviane akaenda kumchukua, akampitisha hospitali ya hapa Likasi, kisha akamleta kwake Kikula, kwenye lupango letu. Lupango ni kiwanja chenye ukuta. Letu lina nyumba mbili, ya Viviane na yangu. Mimi ni Bibiane, fundi wa kushona. Cherehani yangu iko barazani, inatazama mlango wao, kwa hiyo mambo yao nayaona hata nisipotaka. Mara nyingi nataka.

Daktari alisema mguu ukae kwenye plasta na mama akae ndani. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana ndani kulikuwa na Carlos.

Carlos ni mume wa Viviane. Anaendesha lori dogo, anapeleka unga wa mahindi Kapolowe na vijiji vya barabara ya Lubumbashi, anarudi na makaa. Hana ubaya, isipokuwa ni mkwe. Kwa watu wetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na hawatajani majina. Si chuki, ni heshima, na heshima hii ni nyepesi sana mmoja akiwa Likasi na mwingine Kapolowe. Sasa godoro la mama liliwekwa sebuleni, na chumba cha Carlos hakifikiki bila kupita sebuleni.

Carlos akawa anapita dirishani. Mtu mzima, dereva anayeheshimika, baba wa mtoto, alikuwa anapandisha mguu kwenye dirisha lake mwenyewe kila jioni huku ameshika viatu mkononi. Kabla ya hapo alikohoa tangu getini, ili mama apate kuvuta kitenge usoni kama mlango ulikuwa wazi. Alikohoa mpaka Gertrude wa lupango la pili akamletea majani ya mkaratusi.

Wakiwa na neno la kuambiana, walinituma mimi.

"Bibiane, ambia Papa Shekina apunguze redio."

Papa Shekina ndiye Carlos. Shekina ni binti yake, na kwa jina la mtoto mama mkwe anaweza kumtaja bila aibu. Carlos alikuwa nje, nyuma ya ukuta wa tofali moja, anasikia kila neno, lakini alingoja niache kazi, nizunguke, nimwambie. Ndipo akapunguza. Pindo nililokuwa nashona likapinda, na hakuna aliyeniomba radhi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka siku mama aliponiita akasema, "Bibiane, ambia Papa Shekina, kama anapita ku Kapolowe, aniangalilie ziwa."

"Aangalie nini, mama?"

"Aangalie tu. Kisha aseme namna liko."

Nikapeleka. Carlos alisimama akafikiri. Ilimaanisha aeleze ziwa kwangu, kisha mimi nikalieleze kwa mama, na ananijua, ningeongeza. Mama alikuwa na simu, ile ya zamani ya Viviane. Basi aliporudi barabarani akampigia picha, akaituma: maji, mafunjo, mtumbwi mmoja umelala ubavu. Hakuandika neno, maana hakuwa na hakika kama kumwandikia mama mkwe kunaruhusiwa. Picha hakuna aliyeikataza. Wazee waliokataza yale mengine hawakuwa na simu.

Mama aliitazama mpaka kioo kikazima. Akaniita nikiwashe.

Tangu siku hiyo kila safari ya Carlos ikawa na picha. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, na alituma misitu ya njiani ikiwa na majani mapya mekundu. Akatuma vilima vya njia hiyo hiyo, akatuma ng'ombe aliyelala katikati ya barabara kuu huku malori yakimzunguka kwa adabu. Mvua zikaja, akatuma mto Lufira umejaa. Na kila alipopita Kapolowe, alituma ziwa.

Wanawake wa jumuiya, waliokuja kuuombea mguu, wakaanza kufupisha sala ili waone picha. Gertrude, ambaye maisha yake yote hajafika mbali kuliko Shituru, hapa hapa Likasi, alikuwa anavua viatu mlangoni, anaketi, anauliza, "Leo tunaenda wapi?" Mama alishika simu na kueleza, na kwetu 'njo' ni 'ndiyo': "Hapa njo Lufira. Ikijaa hivi, samaki anaingia mu majani, unamuokota na mukono." Wakaguna, wakanywa chai ya Viviane, wakarudi kwao wakilalamika kwamba wamechoka. Picha hizo mama aliwatumia pia ndugu zake wote. Mtu aliyefungiwa chumba kimoja akawa ndiye anayetembea kuliko sisi sote.

Lakini kuna jambo mimi nilijua.

Mvua kubwa ya pili ilikuja na upepo, ikang'oa mabati ya nyumba ya mama kule Mission. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi. Marehemu mume wake, Papa Étienne, aliyafyatua kwa mikono yake kutoka kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya uwanja, na mama akiwa bibi arusi ndiye aliyechota maji ya kukandia udongo. Humo alizaa, humo alifiwa, humo alikataa mara nyingi kuhamia mjini. Bati likiondoka, tofali bichi linakunywa maji. Nyumba ililala chini bila mtu ndani.

Viviane alituambia barazani kwangu, Carlos na mimi, macho yakiwa mekundu. "Mama asijue. Akijua, mawazo itamumaliza. Na arudi kufanya nini kule? Abaki hapa." Majirani wa Mission alikuwa amewapigia simu mmoja mmoja na kuwasihi wasiseme. Nilinyamaza. Sikupenda, lakini si mama yangu.

Carlos ndiye aliyebanwa. Mkwe hamdanganyi mama mkwe wake, na hamkatalii kitu. Mke naye ana neno lake, na yeye ndiye anayepika. Carlos akapata njia ya katikati, kama alivyokuwa amepata dirisha: aliendelea kupiga ziwa, ila aliipa nyumba mgongo.

Siku moja mama aliniita nikiwa na pini mdomoni.

"Bibiane, angalia. Huu muti wa mupundu iko ku kushoto. Mafunjo iko mbele. Mutu akiona hivi, amesimama wapi?"

"Sijui, mama."

"Amesimama ku mulango yangu. Ba photo yote ya ziwa, anapigia ku mulango yangu. Na nyumba haiko hata mu moja." Akaweka simu mapajani. "Ambia Papa Shekina ageuke."

Carlos alikuwa anaosha lori hatua chache kutoka dirisha. Alikuwa amesikia, kama kawaida. Nilipomfikia na kumwambia, kwa mara ya kwanza aliniomba nirudie.

Jioni nikawasikia yeye na Viviane jikoni.

"Viviane, minye siwezi kumukatalia."

"Basi piga milima."

Akapiga milima. Tulipata milima safari baada ya safari, mirefu na mifupi, na Gertrude akafurahi kwa sababu alikuwa amechoka na maji. Mama aliweka simu kifudifudi juu ya godoro. Plasta ilitolewa, akapewa magongo, akayaegemeza ukutani na kuyaacha hapo. Chakula alikigusa tu. Wanawake wa jumuiya wakirefusha sala tena, alifumba macho. Hakuuliza kitu, na hakunituma popote. Nilimwonea huruma, na huruma hainipati kirahisi.

Picha ilikuja adhuhuri, nikiwa namjaribisha mama blauzi. Ukuta mmoja umesimama, una dirisha. Kuta nyingine zimekuwa lundo la udongo lenye magugu. Bati moja limejikunja kwenye matawi ya mupundu. Chini yake Carlos alikuwa ameandika, maneno yake ya kwanza kwa mama mkwe tangu aoe: "Pardon, Mama."

Mama akaivuta kwa vidole viwili, ikakua. Nilitayarisha kitenge cha kumfutia machozi. Yeye akaisogeza picha pembeni, taratibu, akapita ukuta, akapita lundo, akafika nyuma ya uwanja.

"Kichuguu iko," akasema.

Kweli kilikuwapo, kikubwa, kimeliwa nusu tu.

Viviane aliporudi kutoka sokoni alimkuta mama ameketi wima na magongo mapajani. Alilia, akaeleza kwamba walitaka kumlinda. Mama alimwacha amalize.

"Iko inaniuma," akasema. "Haiko sababu ya nyumba. Nyumba inaanguka. Munanifanya mutoto, njo inaniuma." Kisha akaniita, ingawa nilikuwa nimesimama hapo hapo. "Bibiane, ambia Papa Shekina, kesho asubuhi ananipeleka."

Dirisha la chumbani likakohoa kuonyesha kwamba limesikia.

Lori la Carlos lina kiti kimoja kirefu mbele. Mkwe na mama mkwe hawawezi kukaa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo nilifunga cherehani yangu nikakaa katikati, sufuria ya mama mapajani. Usukani uko kushoto, na Carlos aliendesha akitazama upande huo huo. Kioo cha kulia hakukitumia kabisa, kwa sababu mama alikuwa anaonekana ndani yake. Nilisali njia nzima, sala ndefu.

Mama alikuwa anavihakikisha vitu. Vilima vilikuwapo. Lufira ilikuwapo.

"Ambia Papa Shekina, ng'ombe haiko."

Nikamwambia Carlos, ambaye kiwiko chake kilikuwa kinanichoma mbavu, kwamba ng'ombe hayuko.

"Ambia Mama, alihamishwa."

Nikamwambia.

Tulifika jua likiwa bado chini. Mama alishuka mwenyewe. Hakusimama mbele ya nyumba. Aliizunguka kwa magongo yake, pole pole, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kichuguu, akakichoma kwa ncha ya gongo, akachukua udongo kidogo, akautia mate na kuusaga kati ya vidole. Ndipo akarudi kwenye ule ukuta wenye dirisha, akauwekea kiganja. Alikaa hivyo. Mabega yake yalitikisika kidogo, nami nikatazama ziwa, ambalo kwa hakika lilikuwa limefanana sana na picha zake.

Carlos alitoa kuku mweupe chini ya kiti. Mkwe akikosa, analeta kuku. Alinipa mimi, nikampa mama. Mama akampima uzito kwa mkono.

"Ambia Papa Shekina, kuku imeingia. Sasa alete kalibu ya kufyatulia matofali."

Nikageuka nimwambie. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo.

"Carlos," akasema mama.

Hakuna aliyesogea. Hata kuku alitulia. Nimeishi na watu hawa lupango moja tangu arusi yao, na jina hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Carlos, kamata simu yangu. Unipige photo. Weye rudi nyuma kidogo, nyumba yote ionekane."

Carlos alirudi nyuma, hatua moja, nyingine, simu mbele ya uso wake kama mtu anayejificha. Mama alisimama wima kati ya magongo, mbele ya ukuta wake, lundo la udongo kulia, kichuguu nyuma. Hakucheka wala hakukunja uso. Katika picha zote za Carlos, hiyo ndiyo ya kwanza iliyokuwa na mtu.

Alinionyesha mimi kwanza, kwa mazoea. "Kivuli yangu imeingia," akaninong'oneza. "Ambia Mama napiga ingine." Kweli kilikuwa humo, kirefu, kimelala kwenye majani mpaka karibu na miguu ya mama.

"Acha," mama akasema, bila kupitia kwangu. "Wajue njo nani alinileta."

Akaituma kwa ndugu wote. Jirani mmoja alikuwa ametoka kutulaki, nyumbani kwake ameshaanza kumtandikia mama kitanda, na Carlos alikuwa anashusha sufuria, simu ilipolia. Alikuwa Viviane, ameandika kutoka sokoni. Mama hana miwani, akanipa nimsomee.

"Mama, unarudi lini?"

Nikamuuliza nijibu nini. Akaichukua simu, akaishika mbali na macho, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole chenye udongo, mpaka mwisho, akanirudishia nihakikishe kama imekwenda. Ilikuwa imekwenda.

"Nimesharudi."