Siku Tano Bila Simu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipopangiwa kazi ya uuguzi katika mji mdogo wa bandari, kusini kabisa mwa pwani, Mama alilia kana kwamba anampeleka vitani. Sisi ni watu wa Kayole, mtaa wa jijini huku bara. Bahari tuliijua kwenye picha za kalenda. Alimwahidisha kupiga simu kila jioni, na kwa miezi minne alipiga. Kisha kimya. Siku ya tano Mama alifunga kibanda chake cha mitumba, akaniambia, "Vaa viatu. Tunaenda."

Kesho yake mchana gari la mwisho lilituacha njia panda. Zahanati, tuliambiwa, iko ng'ambo ya msitu. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, na kila jani lilidondosha maji. Juu yetu mbega walirukaruka, weusi kwa weupe, lakini Mama hakuinua macho. Alitembea mbele yangu akisali kwa Kiluhya, mkoba kaukumbatia kifuani.

Msitu ulipokwisha, bahari ilikuwa pale pale: gati la mawe, boti tatu za injini, ufuo mweupe usio na mtu ila mama mmoja aliyekuwa akianika samaki.

"Tunamtafuta muuguzi," nilisema.

"Daktari wetu? Amelala nyumbani kwangu. Mwacheni apumzike, amemwokoa binti yangu na mjukuu wangu."

"Yu hai?" Mama aliuliza.

"Kwa nini asiwe hai?"

Mama akaketi mchangani na nguo zake za kanisani.

Mdogo wangu alitoka akiwa amejifunga kanga, nywele timtim. "Mathe! Mmefikaje huku?"

Akatueleza. Binti wa yule mama alishikwa na uchungu, mtoto kakaa vibaya, na barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko. Wakaenda hospitali kuu kwa boti, mawimbi yakiwarusha. "Nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili. Simu ikachomoka mfukoni, ikazama. Tumerudi nao leo asubuhi tu."

"Hukuweza kuazima nyingine?" Mama aliuliza.

"Namba zenu zilikuwa humo zote. Kichwani sina hata moja."

Hapo Mama alimfokea kwa Kiluhya, kwa muda mrefu, hata mwenyeji wetu, asiyeelewa neno, akacheka. Mama naye akashindwa kujizuia, akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akasema, "Nionyesheni huyo mtoto."

Alimpakata kichanga yule alasiri yote, akimrudisha kwa mamake wakati wa kunyonya tu. Tulipokwisha kula wali wa nazi, alijinyoosha mkekani mlango ukiwa wazi, upepo ukimpuliza, akaanza kukoroma. Mimi nilikunja suruali, mdogo wangu akapandisha kanga, tukashuka majini. Nilimshika mkono kama nilivyokuwa nikimvusha barabara akienda shule ya nasari, naye hakuutoa.