Kilo ya Baba Yangu

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, shule yetu ilipata mizani ya umeme. Mwalimu wa fizikia akatuagiza kila mmoja alete kitu ambacho uzito wake anaujua kwa hakika. Wenzangu walileta pakiti za sukari na chumvi. Mimi, kwa kiburi changu, nilileta jiwe la mizani la baba, lile la kilo moja.

Baba alikuwa na duka la nafaka mtaani Mutakura, na jiwe hilo la chuma aliachiwa na babu. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, alilisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ling'ae. Alinikabidhi mwenyewe, akifurahi kwamba litaingia shule. Siku hiyo aliuza kwa mawe mawili ya nusu kilo.

Mizani ilisoma gramu mia tisa sitini na mbili. Tulirudia mara tatu. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, alilipitishia jiwe kidole, akaona namba zilizokwisha kulika.

"Hii ndiyo erreur systématique, kosa la kudumu," alisema. "Kosa la huku na huku linasawazishana. La upande mumoja, hata upime mara elfu, linabaki."

Kabla hajamaliza nilikuwa nimejua ni nini kilichokula kile chuma. Ni zile Ijumaa.

Nilirudi nyumbani, nikalirudisha jiwe mahali pake, nikapiga kimya. Daktari alikuwa ameshatuonya kuhusu presha ya baba, na hiyo ilikuwa sababu nzuri. Ukweli ni kwamba niliogopa kuuona uso wake. Siku moja tu nilijikaza.

"Papa, hii kilo imezeeka. Tununue ingine."

"Apana, mutoto wangu. Hii mi naiosha kila Ijumaa, ili isinidhulumishe mutu."

Nikasema sawa. Nilijiambia nitamweleza baada ya mitihani. Swali la makosa ya vipimo lilitoka, nikalijibu lote bila kufuta hata neno moja. Baba hakufikia siku ya matokeo.

Kwenye mazishi yake, imamu aliuliza tunamshuhudia vipi ndugu yetu huyu. "Alikuwa mwema," watu walijibu, na fundi viatu jirani yetu akaongeza kwa sauti kwamba mizani yake ilikuwa ya haki. Nami nilisema pamoja nao. Alikuwa mwema, wallahi, sijapata kuona mwema kama yeye. Lakini mpaka leo nikikumbuka naumia.

Baada ya arobaini nilifungua duka, nikaweka mizani mpya. Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyenunua kwetu tangu sijazaliwa. Alitaka kilo ya maharage. Aliitazama ile mizani, akakataa.

"Pima na kilo ya papa yako. Ile ndiyo naamini."

Nikalitoa jiwe na mizani ya baba, nikapima, kisha nikaongeza konzi nzima ya maharage juu. Bibi akanishika mkono.

"Toa hiyo, mutoto wangu. Papa yako alikuwa hazidishi, hapunguzi."

Nikaitoa.