Kijiti cha Kuwahamisha Wenye Mkuyu

Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, na likizo ya Aprili ilikuwa imeanza siku hiyo hiyo ya Ijumaa, Susu aliposimama kati ya shoka la mjomba wangu na mkuyu wa mtaa wetu wa Mbotela. Tarehe huwa hazinitoki kichwani. Watu hudhani ni kwa sababu ya ukarani nilioufanya hadi nikastaafu, lakini ukweli ni kwamba nilianza kuzihifadhi siku ile.

Susu ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake mama. Mkuyu wenyewe ulisimama nyuma ya safu yetu ya nyumba, mkubwa kuliko kitu chochote mtaani, na matawi yake mazito yalikuwa yameelemea paa letu na la jirani yetu, Baba Wafula. Ofisi ya mtaa iliamua ukatwe kabla mvua za masika hazijauangusha zenyewe. Kazi akapewa Mjomba Mutua, aliyelelewa kwa kuchonga vinyago, na ambaye kwa muda mrefu alikuwa akipanga foleni kwenye malango ya viwanda vya Industrial Area akingoja kibarua. Hii ilikuwa kazi yake mwenyewe ya kwanza. Akiufikisha mti chini salama, alikuwa ameahidiwa miti ya mitaa mingine. Ukiangukia nyumba, angerudi langoni, nasi tusingekuwa na pa kulala.

"Mutua," Susu alisema, "umewaaga wenyewe?"

"Wenyewe ni ofisi, Mama. Ndiyo iliyonituma."

"Kwani ofisi ndiyo iliyoupanda?"

Majirani wakacheka. Susu hakucheka. Kwao Ukambani, alieleza, mkuyu wa umri ule hauangushwi ukiwa na roho za wahenga ndani. Huegemezwa kijiti shinani, kikalala hapo usiku kucha, na asubuhi mtoto hukibeba hadi kwenye mti mwingine uliosimama, nao wenyewe humfuata. Mtoto huyo haruhusiwi kuzungumza na mtu njiani wala kugeuka nyuma. Na kabla ya yote, shina hufagiwa, maana hakuna anayehama nyumba ikiwa mlango umezibwa na taka.

"Kwetu magharibi tungechinja jogoo," Baba Wafula alisema. "Angalau kuna mtu angekula."

Mjomba alikubali kungoja hadi kesho yake. Sidhani kama aliamini. Ila hakuwa mtu wa kuinua shoka huku mama yake amesimama mbele ya mti.

Basi mimi na Susu tukafagia. Kwa miaka mingi mtaa mzima ulikuwa ukimwaga majivu ya jiko na maji ya vyombo chini ya mkuyu ule, nasi tulikuwa miongoni mwao. Lundo lilinifika magotini. Tulipolimaliza, Susu alichukua kijiti, akakiegemeza upande unaotazama uwanja, kwa kuwa huko ndiko wenyewe wangetokea. Kijiti hakikuegemea. Kilizama. Akakisukuma kidogo, kikaingia kama kwenye ugali.

"Mutua, njoo uone. Wanakukatalia upande huu."

Mjomba alikuja akitabasamu, akachuchumaa, na tabasamu likamtoka. Alibandua gome kwa vidole tu. Alikuwa ameugonga mti kwa kisogo cha shoka usawa wa kifua, ukalia imara. Lakini huku chini, majivu na maji yalikokusanyika, mti ulikuwa umeoza. Akatuonyesha kwa kiganja: alikusudia kuuangusha uwanjani, akate pengo upande huo, kisha auache mti ushikiliwe na kipande chembamba kisichokatwa, kinachoulaza polepole kama bawaba ya mlango. Bawaba hiyo ingekuwa kwenye uozo. Ingekatika mapema, na uzito wa matawi ungeuvuta mti wote juu yetu.

Baba Wafula aliinama akachungulia uozo. Kisha akasema, "Basi mashetani hawa ni mafundi."

"Si mashetani," Susu alimjibu, akakiegemeza kijiti upande mzima.

Jumamosi asubuhi nilikabidhiwa kijiti. Nilikishika kwa mikono miwili, kwani niliamini nyuma yangu ulikuwa ukitembea msafara mzima. Mjakaranda mchanga wa kando ya kanisa ulikuwa mwisho wa mtaa, na njia yote ilijaa watoto wenzangu.

"Sasa, Mwende? Hata salamu?"

"Amemeza ulimi, huyo."

"Mwende, kiatu chako kile kimebaki nyuma!"

Niliuma midomo hadi ikauma kweli. Sikugeuka. Nilikiegemeza kijiti kwenye mjakaranda, kisha nikarudi mbio, maana kurudi hakukuwa na masharti.

Kazi ilichukua siku nzima. Mjomba alitoa kwanza matawi ya upande wa nyumba, moja moja, akiyateremsha kwa kamba. Kisha akageuza mwelekeo: pengo alilikata upande wa kijia kilichopita ubavuni mwa mti, kwenye shina lisilooza, na kamba ndefu ikafungwa juu. Wanaume wa safu yetu, waliokuwa wametoka viwandani adhuhuri, wakaishika wote. Nakumbuka kabari zikigongwa, mlio wa nyuzi za mti zikikatika, sauti ya mjomba ikisema, "Vuta, msilegeze," halafu kishindo kilichotikisa sufuria zetu jikoni. Vumbi lilipotua, paa zote zilikuwa mahali pake, na kuku wa Baba Wafula walikuwa wametawanyika hadi barabarani. Mbingu ilionekana pana mno.

Hadi alipofariki, Mjomba Mutua hakuangusha mti bila kufagia shina lake. Akiulizwa, alisema ni kanuni ya kazi. Kijiti nacho alikiegemeza, na kuhusu hicho hakumjibu mtu.

Mwezi huu mjakaranda wa kanisani umefikiwa na zamu yake, kwa kuwa maghorofa yanakuja. Nilimkuta kijana mwenye kandarasi akiuwasha msumeno wake wa petroli, nikamwomba afagie shina kwanza.

"Shosho, huo mti hauna mashetani," alisema, akiniita nyanya kama vijana wa siku hizi.

"Najua. Fagia."

Alifagia, akaligonga shina, akaniambia ni zima. Hivyo mti haukuwa na onyo lolote kwangu, nami ningeweza kwenda zangu. Lakini wenye mkuyu nilikuwa nimewaleta pale mimi mwenyewe, kwa mguu wangu, nikiwa na miaka kumi. Nilimwomba angoje hadi kesho yake, akakubali; nikaegemeza kijiti jioni, na asubuhi nikakichukua. Nilipotazama huku na huku, sikuona mti mwingine. Kulikuwa na mabati ya ujenzi na kuta. Nikashika njia ya kuelekea Jogoo Road, nikitafuta.

"Shosho, niaje?" vijana wa kona waliniita.

Mimi ambaye sijawahi kuinyima salamu ya mtu jibu, nilipita kimya, wala sikugeuka.