Ndege ya Meno

Limi alikuwa amechoka tangu asubuhi, na wala si kwa kubeba mzigo. Mzigo wa mitumba alishauzoea: anautoa nyumbani Kambarage kichwani, anautandaza juu ya turubai kando ya barabara, anaketi. Alichoka kuulizwa. "Mama Sikujua, hivi wewe sasa ni mke au mjane?" Watu wa Shinyanga wana adabu, jamani! Watakuamkia wewe, wanao na kuku wako, kisha wakuulize swali la kukutoa roho.

Mumewe, Mabula, aliondoka miaka minne nyuma kwenda kuchimba dhahabu Geita. Alivaa fulana aliyojichagulia kwenye mitumba ya mkewe: nyeusi, kifuani imechorwa ndege ya vita ya zamani, ile ya kuwa na pangaboi puani, na chini ya pua meno kama ya mamba. "Nitarudi na ndege kama hii," alitamba, "mje kunipokea uwanjani Ibadakuli." Limi alicheka, akamshonea kwapa lililofumuka kwa uzi mwekundu, maana mweusi uliisha.

Mwaka wa kwanza simu zilikuja. Kisha kimya. Kisha ikaja habari kwamba duara moja, yaani shimo la wachimbaji, limetitia na watu hawakutolewa. Majina hayakutajwa, lakini ukoo ukajijibu wenyewe. Sasa shemeji yake, Ndaki, alishasema: Jumamosi tunakaa matanga, tunanyoa nywele za msiba, yaishe. Mwili haupo, sawa, ila mama mzee hawezi kungoja mpaka naye afukiwe. Limi hakukataa wala hakukubali. Alichotaka ni kujua tu. Akiwa hai amngoje, akiwa amekufa amlilie. Hii ya katikati ilishamla mpaka mifupa.

Alhamisi hiyo mwanamume mmoja akainama kupekua suruali. Limi akainua macho, akakutana na meno ya ile ndege.

"Kaka, hebu inua mkono."

"Kuna nini, mama?"

"Inua mkono nakwambia!"

Akainua kama mtu aliyekamatwa na mgambo. Kwapani, uzi mwekundu. Mishono ileile ya haraka haraka.

"Fulana hii ni ya mume wangu, Mabula. Umeivua kwenye maiti?"

"Toba! Usinitamkie hayo!" Yule bwana, Eliya kwa jina, alirudi nyuma. "Nguo ya marehemu nani anavaa? Kwenye duara letu ni mwiko, tunaichoma. Hii nilipewa. Kwetu sisi, mtu akishapata mali na kuacha kazi, haondoki na nguo ya shimoni. Anaivua palepale juu ya shimo, anamvisha anayeshika nafasi yake, ili bahati ibaki. Mabula alinivisha kwa mkono wake. Alipata yule, mama! Tulimshangilia."

"Lini?"

"Mwaka juzi, wakati wa kuvuna pamba."

Limi akajishika kifua. Mungu wangu, yu hai! Furaha ilimjia ghafla, akatamani kumkumbatia mtu huyu asiyemjua. Halafu akakumbuka kwamba pamba imeshavunwa tena tangu hapo.

"Akaenda wapi?"

"Alisema anakwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi, kaka yangu?"

Eliya akaanza kukunja suruali ambayo hakuitaka. "Katoro, hukohuko Geita," alisema mwishowe. "Kwa mkewe. Mtoto wao alikuwa ameshaanza kutembea. Nisamehe, mama, sikujua."

Limi hakulia. Alichambua fulana nzuri kuliko zote pale kwenye turubai, akamtupia. "Vaa hii. Hiyo vua."

Jumamosi ndugu walijaa mikekani kwa Ndaki. Limi akaitandika ile fulana katikati, akawaeleza yote bila kuficha. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka akakohoa. "Mwanangu yu hai! Yu hai!" Ndaki akacheka, akaamuru mbuzi wa matanga achinjwe kwa furaha. Wakaanza kupanga nani atakwenda Katoro kumwona mtoto. Hakuna aliyemuuliza Limi chochote.

Akauchukua wembe mpya uliokuwa kwenye sahani, akavua kitambaa kichwani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Ninyoe, mayu, mama yangu."

"We! Uchuro huo! Mtu yu hai!"

"Msiba wa kujitakia hauna kilio, shemeji," Ndaki akadakia.

"Mwanao yu hai, mayu, na kwa ajili yako nashukuru. Aliyekufa ni mume wangu. Ninyoe, nimechoka."

Vigelegele vilimkauka mama mkwe mdomoni, akaupokea wembe. Kisha akachovya vidole kwenye maji, akamlowesha nywele, akaanzia kisogoni.