Kamba Iliyoachwa Mnadani

Asubuhi, mnada wa ng'ombe wa Dodoma haujachangamka, na Yotham Mazengo ameshakaa karibu na lango, amekanyaga ncha ya ngozi mbichi. Anaikata kwa kuizungusha, kuanzia ukingoni kwenda katikati, ili utoke ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Baadaye ataupaka mafuta na kuusokota uwe kamba. Uso ameukunja, na si kwa sababu ya harufu.

Kwa wafugaji wa huku, anayeuza ng'ombe haachi kamba. Huifungua akarudi nayo nyumbani, baraka ya zizi isiondoke. Mnunuzi hubaki ameshika pembe, anatafuta kamba nyingine. Kamba hiyo ya pili, anayoiuza Yotham na kumfungia mnunuzi mnyama wake kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo iliyomlisha na kuwasomesha wanawe.

Tangu serikali iwafungulie wafanyabiashara wa nje milango, malori yao yanazoa karibu ngozi zote machinjioni kwa bei asiyoiweza, na maduka ya Chang'ombe yamejaa kamba za manila.

"Wanaondoka na ngozi, wananiletea plastiki," anafoka. "Halafu nikae nicheke?"

Aliwahi kuuza manila, mkewe Hilda alipomshauri. Ndama wa kwanza aliyemfunga kwa kamba hiyo alirudishwa kwake na mnunuzi, mguu umechanika, nyama iko nje. Manila iliyobaki Hilda anaanikia nguo.

Leo kinachomkera ni kingine. Bartolomayo, mfugaji anayemfahamu tangu ujana, ameuza fahali wake na kumwachia mnunuzi kamba ya ngozi.

"Bartolomayo, umesahau kamba."

"Sijasahau, kaka. Aende nayo tu. Manila ni bei rahisi, nitanunua."

"Hiyo nimeisokota mimi. Umeitumia miaka yote, leo unaitupa kama ganda la muwa?"

"Mambo ya zamani hayo, kaka."

Yotham anabaki na kisu mkononi. Wauzaji wakianza kuacha kamba, hakuna mnunuzi atakayesimama kwake, na jambo hilo linamuuma kuliko anavyotaka kuonyesha.

Mpango anao. Atawaomba wachinjaji wa vijijini, ambako malori hayafiki, wamwekee ngozi. Akizikosa hadi mavuno, atarudi kwenye manila, maana Hilda amechoka kusubiri pesa.

"Hiyo manila nitauza, sina ujanja," anasema, akiinamia ngozi yake. "Atakayekuja nitampa kamba yake. Kumfunga mnyama, atafute mkono mwingine."