Mguu Ulioungua Bila Kuniambia

Mpaka sasa jambo hili limenigharimu vidole viwili vya mguu wa kushoto. Vilivyobaki nimevihesabu mara mbili; ni vitatu.

Nauza mitumba sokoni Babati. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa bado juu ya mlima Kwaraa, huweka jiko la mkaa chini ya meza na kuvua viatu. Siku ile joto lilinilewesha, nikawa nabishania bei ya koti nusu nimelala, mpaka mteja akauliza, “Mzee, mbona kama nyama inaungua?” Nikamwambia asikwepe bei. Kumbe ni vidole vyangu. Sukari ilishauondolea mguu hisia, nami sikuwa na habari.

Hospitali wakavikata, ila kidonda kikagoma kufunga. Wakagundua na moyo umechoka, unasukuma damu kivivu. Sasa nina mrija wa oksijeni puani. Hewa ya mtungi hupita kwanza kwenye chupa ya maji, na maji hayo hububujika taratibu kutwa nzima. Nikifumba macho mchana, chupa inakuwa ziwa letu la Babati. Natembea ukingoni, viboko wananitazama bila haraka, na kila nikikanyaga tope nasikia baridi mguu wa kushoto. Narudi kukanyaga tena, kuhakikisha.

Jana daktari alinieleza kwamba kuna chumba cha oksijeni ya mgandamizo, unamolazwa upumue hewa yenye shinikizo kubwa, mbali na huku, kinachosaidia baadhi ya vidonda kama changu. Ila moyo dhaifu unaweza kuzidiwa humo, mapafu yakajaa maji. Itabidi nimeze dawa kwanza, wapime moyo upya, na kidonda huenda kisingoje. La sivyo, wakate chini ya goti. Nikaomba anipunguzie, tuishie kwenye kifundo. Akasema kwa upole kwamba damu haifiki huko. Nimewatazama wauzaji usoni miaka yote hii. Daktari yule hakuwa ameweka cha juu kwenye bei.

Leo fomu ya kukubali kukatwa iko kando ya kitanda, bila saini. Muuguzi, binti wa kijiji cha Bonga, amekuja kuongeza maji kwenye chupa, akaniamkia, nikaitika. Mimi ambaye sijawahi kumwonyesha mtu kwamba bei siijui, nimemshika mkono.

“Binti yangu, mguu huu ungekuwa wa baba yako mzazi, ungemshauri asaini, au augoje moyo?”