Futi ya Shangazi na Ukuta wa Mwenyekiti

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na nyumba yake ndiyo ndogo kuliko zote mtaani kwetu. Kosa lake ni kuwa kwenye kona. Kamati ya wakazi iliamua gharama za kukarabati barabara zigawanywe kwa urefu wa ukuta unaotazama barabara, basi yeye akahesabiwa pande mbili. Akapangiwa kulipa zaidi kuliko mwenyekiti wa kamati, mwenye ghorofa na magari matatu. Hebu niambie, hiyo ni akili? Shangazi hata baiskeli hana!

Asipolipa mpaka Jumapili, wanamkatia maji. Nilimwambia tuchange kama ukoo, yaishe. Alinikata jicho.

"Yaishe wapi? Sijaomba kuchangiwa. Nataka kupimwa sawasawa."

Jumamosi akaning'iniza futi yake shingoni, akaanza kupima kuta za mtaa mzima, akiweka alama kwa chaki ya kukatia nguo. Watu walichungulia madirishani wakicheka. Mimi nilishika ncha ya pili, aibu imenijaa. Kwa mwenyekiti ndipo tulipougundua uhuni: geti lake, linalopitisha magari mawili kwa pamoja, halikuhesabiwa. Eti geti si ukuta! Kigeti cha shangazi, cha kupita mtu mmoja, kilihesabiwa chote.

Kesho yake, kwenye mkutano wa wakazi, mwenyekiti akabetua midomo. "Mama, futi ya nguo haipimi nyumba."

"Ndiyo iliyopima kiuno chako," shangazi akajibu, "na suruali hiyo uliyovaa imekukaa."

Watu walivunjika mbavu. Alipoeleza habari za geti, kicheko kikageuka kelele, kamati ikakubali: mageti yahesabiwe, na nyumba ya kona ilipe upande mmoja. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

"Lakini hesabu ile ya kwanza," shangazi akauliza, "nani walioipitisha?"

Kila mtu akaangalia viatu vyake. Mimi nina kiwanja chembamba. Hesabu ile ilinipunguzia mchango. Niliikubali bila kuuliza kitu, nikawahi nyumbani kutazama mpira. Nikanyoosha mkono, peke yangu.

"Na wewe, mwanangu?" akasema. Hakufoka. Akaikunja futi yake, akaondoka.

Maji yake hayakukatwa. Shati langu la kazini bado liko kwake, linasubiri vifungo. Kila siku napita mlangoni pake, nashindwa kubisha hodi.